Nyumba Iliyosifiwa na Nyumba Iliyokutwa

Somo katika mlango wa ijara

Limetufikia suala kutoka kwa ndugu yetu mmoja wa Mombasa. Anasema kwa muhtasari kwamba alikodi nyumba ya mapumziko Watamu kwa siku 7 wakati wa likizo ya skuli, yeye na mkewe na watoto wanne na mama yake mzee. Nyumba hakuiona ila kwa picha katika simu. Aliambiwa kuwa ina maji saa zote, ina mashini za kupoza hewa katika vyumba vyote vinne, na kuwa iko mahali patulivu. Walipofika wakakuta maji yanatoka saa mbili tu kwa kutwa, mashini inayofanya kazi ni moja, na katika kiwanja cha jirani inajengwa ghorofa, nyundo zinaanza asubuhi mapema wala hazinyamazi mpaka jua kuchwa. Wakakaa siku zote 7. Walipokwisha kurudi makwao ndipo alipomwandikia mwenye nyumba kumtaka amrudishie kodi yote, na juu yake amlipe kiasi kingine kama hicho kuwa ni fidia ya kuvunjika moyo. Mwenye nyumba akamjibu: umekaa, umelala, umepika, wala hukusema neno ulipokuwapo, sina la kukupa. Ndugu yetu anauliza, nani mwenye haki?

Baina ya watu hawa wawili sisi hatutahukumu. Tumesikia maneno ya mmoja tu, na kadhi anayehukumu kwa kumsikiliza mmoja amekwisha kosa njia hata ikiwa hukumu yake imeangukia kwenye sawa. Lakini suala lenyewe ni pana kuliko nyumba hiyo. Pwani yetu yote, tangu Lamu mpaka Diani, watu wanakodi na kukodisha nyumba kwa siku na kwa wiki, na wasomaji wetu wako pande zote mbili. Yupo aliyejinyima mwaka mzima ili awapeleke watoto wake wakaone bahari ya mahali pengine, na yupo mjane ambaye nyumba ya marehemu mumewe ndiyo riziki yake. Fedha iliyo baina ya hawa ina mwenyewe. Anayeizuia bila ya haki amekula mali ya mwenziwe, na anayeidai zaidi ya haki yake naye hali kadhalika. Kwa hivyo tumeona tulifunue jambo hili kama tunavyolijua katika fikihi na katika sheria za mahkama zetu.

Kilichouzwa ni nini?

Mafakihi wanasema kuwa ijara ni mauzo ya manufaa. Wengi wetu tumelisoma neno hili chuoni tukalisahau sokoni. Anayekodi nyumba hanunui kuta wala sakafu. Anachonunua ni kukaa, na kulala, na kuoga, na kupika, na kupata upepo wa mahali pale kwa siku zilizotajwa. Kitu hiki hakishikiki kwa mkono, wala hakitolewi chote kwa mara moja kama gunia la mchele. Kinazaliwa kidogo kidogo, saa baada ya saa, na saa iliyopita bila ya manufaa yake kupatikana imekwenda, hairudi. Ndiyo maana nyumba ikianguka katikati ya muda, ijara huvunjika kwa siku zilizobaki, na siku zilizokwisha kukaliwa hulipiwa kwa hisabu yake. Hapana aliyesema kuwa mkodi ailipie nyumba iliyolala chini, wala hapana aliyesema kuwa arudishiwe fedha ya siku alizolala kwa raha.

Sasa nyumba ya mapumziko ina jambo la ziada. Anayetaka nyumba ya kukaa mwaka mzima aghlabu huenda akaiona. Hufungua mifereji, hugonga milango, hutazama dari kama lina alama za mvua. Lakini anayekodi kwa wiki moja yuko mbali, na hana cha kutazama ila maneno na picha. Amenunua kwa sifa, na kitu kilichouzwa kwa sifa mizani yake ni hizo sifa. Mwenye nyumba akiandika "maji saa zote", basi maji ya saa zote yamo katika kilichouzwa, kama vile vyumba vilivyomo katika kilichouzwa. Hawezi kusema baadaye kuwa Watamu nzima ina shida ya maji. Kama anajua hivyo, mbona hakuandika hivyo?

Hata hivyo si kila lisilompendeza mkodi ni upungufu wa nyumba. Msimu wa mvua mto Sabaki hushusha tope, na maji ya bahari ya Malindi hugeuka rangi ya udongo. Mtu aliyekodi Malindi wakati huo akakuta bahari si ya buluu hana dai juu ya mtu, maana mwenye nyumba hakuuza mto wala bahari. Mwani ukijaa ufukweni, au kusi likavuma usiku kucha, hiyo ni amri ya Mwenyezi Mungu na hali ya nchi, na msafiri mwenye akili huuliza kabla ya kusafiri. Khitilafu huanza pale mwenye nyumba alipoahidi kwa ulimi wake. Aliyeandika kuwa katika mwezi fulani bahari iliyo mbele ya nyumba yake ni safi na ya buluu, hali anajua kuwa mwezi huo haiko hivyo, amejifunga mwenyewe.

Kelele za ujenzi ziko baina ya haya mawili. Mwenye nyumba si yeye anayejenga, na huenda hana uwezo wa kumnyamazisha jirani. Lakini je, alijua? Ikiwa nguzo zilikuwa zimekwisha simama siku aliyoandika kuwa mahali ni patulivu, huku ni kuficha ila. Imepokewa kuwa Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye lundo la nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta unyevu. Muuzaji akatoa udhuru kwamba ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiiweke ile iliyolowa juu, watu wakaiona. Picha ya nyumba iliyopigwa kwa pembe ya kukwepa nguzo za jirani ni lundo kavu juu, bichi chini. Na ikiwa ujenzi umeanza ghafla, baada ya mapatano, mwenye nyumba hana dhambi ya udanganyifu, lakini manufaa yamepungua vile vile, na mkodi ana khiyari ya kuyavunja mapatano na kurudishiwa fedha za siku asizokaa.

Kunguni wa Brighton

Wako wanaodhani kuwa madai ya namna hii ni uzushi wa watalii wa siku hizi. Sivyo. Mwaka 1842 bwana mmoja wa daraja la juu, Sir Thomas Marrable, alikodi nyumba yenye vyombo katika mji wa Brighton, ulioko pwani ya kusini ya Uingereza, mahali wakwasi wa London walipokwenda kupunga upepo wa bahari. Muda ulikuwa ni wiki 5 au 6, na kodi gini 8 kwa kila wiki, na gini moja ni shilingi 21 za Kiingereza. Walipoingia wakakuta vitanda vimejaa kunguni. Mke wa bwana huyo hakungoja. Alimlalamikia mwenye nyumba mara moja, na mwenye nyumba akaleta watu wa kuwatoa wadudu, nao hawakutoka. Basi wale wakodi wakalipa kodi ya wiki moja, wakaondoka. Mwenye nyumba akawashitaki kutaka kodi iliyobaki, akashindwa. Mahkama ikasema mwaka 1843 kwamba anayekodisha nyumba yenye vyombo vyake, ili mtu aingie akae papo hapo, ameahidi hata kama hakutamka kuwa nyumba hiyo inafaa kukaliwa na binadamu, na isipofaa mkodi ana haki ya kutoka.

Na atazame msomaji jinsi watu wale walivyofanya. Walilalamika mapema, wakampa mwenye nyumba nafasi ya kutengeneza, wakalipa siku walizokaa, ndipo wakatoka. Laiti wakodi wetu wangekuwa hivyo.

Mwaka ule ule wa 1843 mahkama zikabainisha, katika kesi nyingine, kwamba ahadi hii ni ya nyumba yenye vyombo tu. Anayekodi nyumba tupu hakuahidiwa kitu ila alichokishurutisha. Kisha mwaka 1877 ikaamuliwa kesi ya nyumba ya London iliyokuwa imekodiwa kwa miezi 3 ya mwaka 1875 kwa gini 450. Mkodi aligundua kuwa mifereji ya maji machafu ni mibovu, hatari kwa afya, akakataa kuingia. Mwenye nyumba akaitengeneza baada ya siku ya kuanza muda kupita. Mahkama ikasema kuwa matengenezo yale yamechelewa, kwani nyumba ilipasa kufaa siku ile ya kwanza. Lakini mwaka 1895 mahkama hizo hizo zikaikata ahadi hiyo kwa upande wa pili. Maradhi ya kuambukiza yaliingia katika nyumba baada ya muda kuanza, na ikaamuliwa kuwa mwenye nyumba hakuahidi kwamba nyumba itaendelea kufaa mpaka mwisho.

Pengine msomaji atauliza, yanatuhusu nini sisi mambo ya Brighton? Yanatuhusu kwa sheria. Sheria ya Mahkama ya Kenya ya mwaka 1967 inasema kuwa mahkama zetu zitafuata, pamoja na Katiba na sheria zilizoandikwa, kiini cha sheria ya desturi ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Kesi hizi zote tulizozitaja ni za kabla ya tarehe hiyo. Kunguni wale wamo katika urithi wetu, tukitaka tusitake.

Sasa tulinganishe na fikihi tunayoisomesha. Imam Nawawi katika Minhaji, kitabu ambacho wanavyuoni wa pwani hii wamekisomesha kizazi baada ya kizazi, ametaja kuwa ni juu ya mwenye nyumba kumkabidhi mkodi ufunguo, na kuwa matengenezo ni juu yake. Akiharakisha kutengeneza, mambo yamekwisha. Asipoharakisha, mkodi ana khiyari. Ametaja hata theluji, kwamba iliyo juu ya dari huondolewa na mwenye nyumba na iliyo uani huondolewa na mkodi, jambo ambalo sisi wa Mombasa tumelisoma kwa kuamini tu. Katika fikihi, basi, mwenye nyumba anayekimbilia kutengeneza anapewa nafasi ambayo kesi ya 1877 haikumpa. Ama kasoro inayozuka katikati ya muda, mafakihi wameihisabu kama iliyokuwapo tangu mwanzo, kwa sababu manufaa ya kesho hayajakabidhiwa bado. Hapo wamemlinda mkodi zaidi kuliko kesi ya 1895. Mambo haya mawili yanatoka katika shina moja, nalo ni kuwa manufaa huzaliwa siku kwa siku.

Aliyekaa na akanyamaza

Hapa ndipo penye uzito wa suala la ndugu yetu. Wengi katika mafakihi, na hivyo ndivyo ilivyoandikwa katika Majalla, sheria ya Dola ya Kituruki iliyotungwa baina ya mwaka 1869 na 1876, wamesema kuwa mkodi akikuta kasoro ana khiyari ya mambo mawili: avunje ijara, au akae kwa kodi yote. Hapana mlango wa tatu wa kukaa kimya mpaka mwisho kisha kudai. Na wanavyuoni wa madh-habi yetu wameikunjua khiyari hii kwa kusema kuwa haipotei kwa kukawia siku moja au mbili, maana madhara yanajirudia upya kila siku, na kila siku mpya ina khiyari yake. Hii ni huruma kubwa kwa mkodi. Lakini siku zote zikisha, hakuna kilichobaki cha kuvunja. Khiyari ya kuvunja imekufa pamoja na siku ya mwisho.

Je, hii ina maana kuwa ndugu yetu hana kitu? Sisi hatuoni hivyo, na sababu zetu ni mbili. Ya kwanza ni kuwa kukaa kwa dharura si kuridhika. Likizo imejaa, nyumba zote za Watamu zina watu, naye ana mama mzee na watoto. Angewapeleka wapi usiku ule? Ila dharura hii ilihitaji kusemwa. Angalimpigia simu mwenye nyumba siku ya kwanza, na akamwandikia ujumbe kuwa "tunakaa kwa kukosa pengine, wala hatujaridhika, na tunataka mashini zitengenezwe", pasingebaki shaka. Ya pili ni kuwa lazima kutenga kasoro na upungufu. Chumba chenye mashini inayopiga kelele kina kasoro, na aliyekaa nayo amekaa nayo. Ama vyumba vinne vilivyouzwa kuwa na mashini, na tatu katika hizo hazikufanya kazi hata saa moja, hapo sehemu ya kilichouzwa haikutolewa kabisa. Aliyenunua pishi nne akapewa tatu halipi ya nne, hata kama alizipokea akanyamaza.

Mahkama za kiserikali ziko wazi zaidi katika jambo hili. Kwao mkodi aliyebaki aweza kudai tafauti baina ya thamani ya alichoahidiwa na thamani ya alichopewa. Lakini nazo humuuliza: ulifanya nini kupunguza hasara yako? Aliyekaa siku 7 pasina kumwambia mwenye nyumba, na kumbe fundi yuko mlango wa pili, hawezi kutaka kulipwa hasara ya siku ambazo neno moja lingaliziokoa.

Tutoe mfano wa hisabu. Tuseme kodi ilikuwa shilingi 84,000 kwa siku 7, yaani shilingi 12,000 kwa siku. Na tuseme kuwa nyumba ya ukubwa ule mahali pale, isiyo na maji ya kutosha na yenye mashini moja, hukodishwa shilingi 8,000 kwa siku. Tafauti ni shilingi 4,000 kila siku, na kwa siku 7 ni 28,000. Akiwa alinunua maji ya mitungi kwa shilingi 3,500 na risiti anazo, jumla ni shilingi 31,500. Hiki ni kiasi ambacho mtu aweza kukidai mbele ya kadhi na mbele ya Mola wake bila ya kuinamisha uso. Kudai zote 84,000 ni kusema kuwa siku 7 za kulala na kupika hazikuwa na thamani hata ya senti moja, na hili yeye mwenyewe anajua kuwa si kweli.

Machungu ya moyo yana thamani?

Pengine ndugu yetu amesikia kwa wakili khabari ya Bwana Jarvis, nayo ni kesi mashuhuri katika mlango huu. Huyu alikuwa wakili Mwingereza, likizo yake kwa mwaka ni wiki mbili tu. Mwaka 1969 alinunua safari ya Krismasi kwenda kijiji cha milimani Uswisi kinachoitwa Mörlialp, kwa pauni 63.45. Kijitabu cha kampuni ya safari kilimwahidi makundi ya wageni na sherehe, baa, maandazi mazuri ya alasiri, jioni ya nyimbo za milimani, na mwenye hoteli anayesema Kiingereza. Wiki ya kwanza wageni walikuwa 13. Wiki ya pili alikuwa peke yake. Mwenye hoteli hakujua Kiingereza. Baa ilifunguliwa jioni moja. Mbao za kutelezea juu ya theluji zilikuwa fupi, na zilipopatikana ndefu viatu vyake vikamchubua miguu. Na mwimbaji wa milimani alikuwa mtu wa kijijini aliyekuja na nguo zake za kazi, akaimba nyimbo nne tano upesi upesi, akaenda zake.

Jaji wa kwanza alimpa nusu ya fedha yake, pauni 31.72. Akakata rufaa, na mwaka 1972 Mahkama ya Rufaa, Lord Denning akiwa mkuu wake, ikampa pauni 125. Walisema kwamba kanuni ya zamani ya kuwa machungu ya moyo hayalipiwi katika kuvunja mapatano haiingii pale ambapo kilichouzwa ni starehe yenyewe. Baadaye mahkama hiyo ikamthibitishia mtu mwingine pauni 1,100 kwa safari ya Ceylon iliyomgharimu pauni 1,200, akihisabiwa pamoja na taabu ya mke na watoto, ingawa hoja ya kuwadai watu wasiokuwamo katika mapatano ilikuja kulaumiwa na Baraza la Malodi mwaka 1980. Na mwaka 2001 Baraza hilo, ambalo wakati ule ndilo lililokuwa mahkama ya juu kabisa ya Uingereza, lilimrudishia mnunuzi wa nyumba pauni 10,000. Yeye alimtaka mkaguzi achunguze kama kelele za ndege za Gatwick zitamsumbua, akajibiwa kuwa hapana shaka kubwa, kisha akahamia na ndege zikampita kichwani. Malodi wenyewe wakasema kuwa kiasi hicho kiko kwenye kilele cha yanayoweza kutolewa. Kesi hizi ni za baada ya 1897, kwa hivyo mahkama za Kenya hazikufungwa nazo, ila zaweza kuzisikiliza kama rai ya mwenye elimu.

Ama fikihi, mafakihi wa zamani hawakuitia huzuni bei. Dhamana kwao ni kwa mali iliyoharibika au manufaa yaliyopotezwa. Na Baraza la Kimataifa la Fikihi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Riyadh cha mwaka 2000, lilipozungumza juu ya sharti la fidia katika mikataba, lilisema kuwa kinacholipiwa ni hasara ya mali iliyotokea kweli, na faida ya hakika iliyokoseshwa, wala haingii humo madhara ya hisia.

Rai yetu ni hii. Katika hukumu ya Jarvis mna sehemu tunayoiona ni sawa na sehemu tunayosita. Kusema kuwa utulivu uliouzwa kwa jina lake una thamani ni kweli, na fikihi haikatai, maana utulivu hapo ni manufaa yaliyouzwa kwa sifa. Kwa hivyo nyundo za jirani ziingie katika hisabu ya tafauti ya kodi, ikiwa mwenye nyumba aliuza utulivu. Nyumba penye kelele haikodishwi sawa na nyumba pasipo kelele, na soko litakuambia ni kwa shilingi ngapi. Lakini mtu kulipa 63, akala na kulala siku 15, kisha akapewa 125, hapo sisi tunasimama. Hatuoni njia ya kumhalalishia ndugu yetu kodi ya pili juu ya kodi, hata ikiwa mahkama yaweza kumpa. Wako wanavyuoni wa zama hizi wanaoona vingine, na mtu akiwafuata hatumwiti mwizi. Ila ajue kuwa amechukua fedha penye khitilafu, na kuiacha ni salama zaidi kwake.

Pa kwenda kudai

Kwanza aende kwa mwenye nyumba mwenyewe, kwa barua, si kwa matusi katika simu. Barua iwe na mambo yanayoweza kuhakikishwa: tarehe za kukaa, tangazo kama lilivyokuwa siku aliyolipa, picha alizopiga mle ndani, alimwambia nani na saa ngapi, na kiasi anachotaka pamoja na hisabu yake. Tangazo aliweke nakala tangu siku ya kukodi, kwa kuwa matangazo ya katika simu hubadilishwa kwa dakika moja. Ikiwa alikodi kwa dalali, barua iende kwa wote wawili, na amuulize dalali fedha iko mkononi mwa nani. Na ikiwa mwenye nyumba amezuia amana ya dhamana kwa kisingizio cha kikombe kilichovunjika, hilo ni dai mbali, lisichanganywe na hili.

Sulhu ikikataa, watu wengi hukimbilia kwa kadhi. Wasijisumbue. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeifunga mahkama ya kadhi katika mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu waliokubali kuhukumiwa naye. Ijara haimo. Sheikh au kadhi aweza kuwapatanisha wakitaka wote wawili, lakini hukumu yenye nguvu iko pengine. Katiba hiyo hiyo, kifungu cha 46, imempa kila mtumiaji haki ya huduma yenye ubora unaostahiki, na haki ya kupewa maelezo ya kweli, na ya kulipwa hasara inayotokana na kasoro. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 imekataza kauli za uongo katika kuuza bidhaa na huduma.

Mlango mwepesi ni Mahkama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016 na iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, mtu aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili, haifungwi sana na kanuni kali za ushahidi, na sheria imeitaka imalize kesi katika siku 60. Dai la mapatano kwa kawaida halifi mpaka ipite miaka 6, lakini asingoje. Mashahidi husahau, na mfanyakazi wa nyumba aliyeona mashini zimekufa atakuwa amehamia kazi nyingine.

Mwenye nyumba naye ana la kufanya kabla ya kushitakiwa. Kama maji ni ya saa mbili, aandike saa mbili, na kodi aipunguze. Kama jirani anajenga, aseme. Watapatikana wakodi wasiojali, wanaoshinda baharini mchana kutwa. Mkodi akimpigia simu siku ya kwanza, asizime simu. Apeleke fundi, na akishindwa amrudishie fedha za siku zilizobaki ikiwa anataka kutoka.

Na wakipatana kwa kiasi fulani, waandike hati fupi yenye tarehe, kiasi, na jambo lililolipiwa, watie saini wote wawili mbele ya mashahidi wawili. Baada ya hapo mkodi asirudi kudai tena kwa jambo lile lile, wala mwenye nyumba asimkate fedha hizo katika amana yake.